Ari ya mwalimu hukatikia ofisi ya utumishi

Katikati ya Mei 2022 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba imeridhia kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3. Watumishi walikuwa wamekaa miaka kadhaa bila nyongeza ya maana, kwa hiyo tangazo hilo lilipokewa kwa shangwe, na wengi wakaanza kupiga hesabu za ada, za mkopo wa benki na za kiwanja kilichoishia kwenye msingi. Mishahara ya Julai ilipoingia, shangwe ikageuka malalamiko. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Kadiri mtumishi alivyokuwa juu kwenye ngazi ya mishahara ndivyo asilimia yake ilivyopungua, na aliyekuwa amejihesabia robo ya mshahara wake akakuta nyongeza isiyomaliza hata nauli ya mwezi.

Kwa hesabu ya kawaida, mtumishi yule alikuwa na fedha nyingi zaidi Julai kuliko alizokuwa nazo Juni, na bado ari yake ya kazi ilikuwa chini kuliko Juni. Mtu anayeamini kwamba motisha ni fedha, na kwamba fedha zikiongezeka ari nayo huongezeka, hana namna ya kueleza tukio hilo. Taaluma ya usimamizi wa rasilimali watu inayo maelezo, tena zaidi ya moja, na maelezo hayo yana manufaa kwetu kuliko namna tunavyoyafundisha vyuoni, ambako mwanafunzi hukariri majina na miaka, akachora piramidi, akajibu mtihani, kisha akaajiriwa kuwa afisa utumishi wa halmashauri na kusahau yote kabla ya kuthibitishwa kazini.

Hoja yangu ni kwamba katika utumishi wetu wa umma, na nitautumia utumishi wa walimu kwa kuwa ndio mkubwa kuliko kada nyingine zote, ari ya kazi hupotea kwa sehemu kubwa katika shughuli za kila siku za kiutumishi: barua ya kupandishwa daraja, mabadiliko ya mshahara yanayopaswa kufuata barua hiyo, malimbikizo, fedha za likizo, uhamisho, tathmini. Kiwango cha mshahara kina uzito wake, nami nitakirudia, lakini mjadala wetu wa motisha umeelekezwa mno kwenye jukwaa la Mei Mosi, mahali ambapo Rais hutangaza, na kidogo mno kwenye meza ambapo tangazo hilo hutekelezwa au kukwama.

Nianze na piramidi, nisije nikaonekana nimeiruka. Abraham Maslow alichapisha makala yake kuhusu mahitaji ya binadamu mwaka 1943, na humo alitaja makundi matano: mahitaji ya mwili, usalama, upendo na kuwa sehemu ya jamii, heshima, na kujitimiza. Piramidi yenyewe haimo katika makala ile. Waliokuja baadaye ndio walioichora. Nadharia hii inapendwa kwa sababu inaeleweka haraka, na udhaifu wake uko hapo hapo. Inamfanya meneja aamini kwamba watu wa ngazi za chini hawajali heshima mpaka kwanza washibe, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kumsimamia mhudumu wa ofisi au dereva anajua si kweli. Kwa shida zetu haitufikishi mbali.

Frederick Herzberg anatufikisha mbali zaidi. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Swali lao lilikuwa jepesi: tueleze wakati ulipoipenda sana kazi yako, kisha tueleze wakati ulipoichukia sana. Majibu yaligawanyika. Waliposimulia nyakati nzuri, watu walitaja mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa wajibu na kupanda. Waliposimulia nyakati mbaya, walitaja usimamizi, mahusiano na wakubwa, mazingira ya kazi, mshahara. Herzberg akahitimisha kwamba kundi la pili likiwa baya linaleta kinyongo, lakini likirekebishwa halileti ari. Linaondoa kinyongo tu.

Wakufunzi wetu hufika hapo na kufunga daftari kwa maneno kwamba mshahara hauleti motisha. Hitimisho hilo ni la hatari, na waajiri wabahili wamelitumia vya kutosha. Ukisoma matokeo yenyewe utaona mambo mawili yanayorukwa. La kwanza, mshahara ulijitokeza pande zote mbili. La pili, na ndilo zito, kinyongo kilichotajwa mara nyingi kuliko vingine vyote kilitokana na sera na utawala wa taasisi, yaani namna mambo yanavyoendeshwa. Wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, watu waliokuwa na mishahara ambayo mwalimu wa wilaya za pembezoni kama Nkasi au Kakonko hawezi kuifikiria, walichukizwa zaidi na utawala kuliko na malipo. Uchunguzi huo ulikosolewa, na kwa haki, kwa kuwa binadamu hupenda kujisifia mafanikio na kuwatwisha wengine kushindwa kwake, kwa hiyo ukimhoji lazima lawama ziangukie kwa bosi. Naikubali kasoro hiyo, lakini nikiiweka kando bado naona kwamba orodha ya vinyongo vya Herzberg inafanana mno na orodha ya kero ambazo walimu wetu huzisoma mbele ya mgeni rasmi.

Tuitazame kero moja kwa karibu. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi. Uhakiki ule ulikuwa na msingi: watumishi hewa walipatikana kwa maelfu, na Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Hakuna mpenda haki anayeweza kusema kazi ile haikustahili kufanyika. Gharama yake, hata hivyo, ililipwa na mtu ambaye vyeti vyake vilikuwa halali. Chukua walimu wawili wenye shahada, walioanza wote katika daraja D, mmoja aliyeajiriwa mwaka 2013 na mwingine mwaka 2015. Wa kwanza alikuwa amefikia zamu ya kupanda pale mlango ulipofungwa. Ulipofunguliwa, zoezi likaanza upya kwa makundi na kwa kadiri ya bajeti, na si ajabu kwamba wawili hao walijikuta wakipanda pamoja, daraja moja, mshahara mmoja, chumba kimoja cha walimu. Huyu wa kwanza hana la kumlaumu mwenzake. Anachokiona ni kwamba miaka yake miwili darasani imefutwa bila kosa na bila mtu aliyetia saini ya kuifuta.

J. Stacy Adams aliandika kuhusu hali hii katika miaka ya 1960. Katika nadharia yake ya usawa, mfanyakazi hapimi anachopata kwa kukitazama peke yake. Hulinganisha uwiano wa anachotoa na anachopokea na uwiano wa mtu mwingine anayefanana naye. Akiona uwiano umepinda, atatafuta njia ya kuunyoosha, na njia rahisi kuliko zote kwa mtumishi asiye na mamlaka juu ya mshahara wake ni kupunguza anachotoa. Haendi kwa mkurugenzi kusema amepunguza. Anaingia darasani, anaandika mada ubaoni, anatoa kazi, anasahihisha madaftari mawili matatu. Mahudhurio yake yako kamili na andalio la somo limejazwa. Hakuna kipengele cha nidhamu kinachoweza kumgusa, na hakuna mkaguzi atakayeona kitu.

Serikali yenyewe ilitambua kwamba uwiano ulipinda, ndiyo maana katika miaka ya karibuni tumezoea kusikia watumishi wakipandishwa madaraja kwa mserereko, yaani kurudishwa mahali ambapo wangekuwa kama wasingecheleweshwa. Ni hatua nzuri na inastahili pongezi. Lakini mserereko unarekebisha daraja kuanzia siku unapofanyika. Haurudishi tofauti ya mishahara ya miaka iliyopita, na kwa mtu anayekaribia kustaafu tofauti hiyo ni sehemu ya maisha yake. Vivyo hivyo nyongeza ya mwaka, ile ya kawaida iliyokuwa imekoma na ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuirejesha siku ya Mei Mosi 2023 mjini Morogoro. Kiasi chake ni kidogo, na wapo walioibeza. Mimi naiona kuwa na uzito kuliko ukubwa wake, kwa sababu ni ahadi inayojirudia kila mwaka bila mtumishi kuiomba, na ahadi inayotimizwa bila kuombwa ndiyo inayomfundisha mtu kuziamini nyingine.

Kuamini huko ndiko kiini cha nadharia ya matarajio ya Victor Vroom ya mwaka 1964, ambayo kwa maoni yangu inawafaa maafisa utumishi wetu kuliko zote. Vroom anasema ari ya mtu inategemea imani tatu: kwamba nikijitahidi nitaweza kufanya kazi vizuri, kwamba nikifanya vizuri nitapata kile kilichoahidiwa, na kwamba kile kilichoahidiwa kina thamani kwangu. Jambo la kushika ni kwamba imani hizi huzidishwa, hazijumlishwi. Moja ikiwa sifuri, jawabu ni sifuri, hata kama mbili zilizobaki zimefika kileleni. Mwalimu anayeamini kwamba barua ya daraja itakuja hata asipofundisha na itachelewa hata akifundisha, imani yake ya pili ni sifuri. Mwalimu wa darasa la kwanza lenye watoto 150 na vitabu 20 hana imani ya kwanza, na ukimwahidi zawadi atakushukuru tu.

Tanzania ina bahati ya kuwa na jaribio kubwa lililopima jambo hili shuleni. Mwaka 2013 na 2014, chini ya mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, watafiti waligawa shule za msingi 350 katika wilaya 10 kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku hiyo, bali walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au hesabu, na mwalimu mkuu akiahidiwa shilingi 1,000. Shule 70 zilipata vyote viwili. Shule 140 zilizobaki ziliendelea kama kawaida.

Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya watoto. Malipo ya walimu peke yake yalitoa matokeo mchanganyiko, yakionekana katika baadhi ya vipimo na kutoonekana katika vingine. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda waziwazi, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya faida ya kila kimoja kikiwa peke yake. Kilichotokea pale ndicho Vroom alichokiita kuzidisha. Vitabu na chaki bila mtu mwenye sababu ya kuvitumia havikumfundisha mtoto kusoma. Sababu bila vitabu ilisaidia kidogo. Vilipokutana, kila kimoja kilikipa kingine nguvu.

Matokeo haya hutajwa na pande mbili zinazobishana, kila upande ukichukua nusu inayoupendeza. Watetezi wa malipo kwa ufaulu husema tulipe kwa matokeo. Watetezi wa bajeti husema tupeleke vifaa. Mimi nasoma humo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Malipo ya KiuFunza yalikuwa na sifa ambayo malipo mengi ya kiutumishi hayana: mwalimu aliweza kujua mapema atalipwa nini, kwa kazi ipi, kwa kipimo gani, na fedha zikalipwa. Sitetei kwamba kila somo lilipwe kwa mtindo huo. Mwalimu wa historia wa darasa la sita hakuwemo, na ukianza kulipa kwa mtihani mmoja utaanza kupata ufundishaji wa mtihani huo. Ninachotetea ni ule uwazi wa mnyororo kati ya kazi na stahiki.

Sasa tuje kwenye tathmini, kwa kuwa ndiyo kiungo kinachopaswa kuunganisha hayo yote. Julai 2004 utumishi wa umma uliacha tathmini ya siri, ambayo bosi aliandika juu ya mtumishi bila mtumishi kuona, na kuingia katika Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watu wengi wanaufahamu kwa jina la OPRAS. Katika maandishi, mfumo ule ulikuwa bora. Mtumishi na msimamizi wake walikaa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakakubaliana malengo, wakakutana tena Desemba kuyapitia, na Juni wakapima. Hivyo hasa ndivyo Edwin Locke alivyopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1960: lengo liwe bayana, liwe na ugumu wa kiasi, na mtu apate mrejesho.

Katika utendaji, fomu zilijazwa Juni kwa wakati mmoja, malengo ya Julai pamoja na alama za mwisho wa mwaka, mara nyingi kwa sababu tu zilihitajika kuambatishwa na maombi ya kupanda daraja. Walimu wakuu walizisaini kwa mafungu. Alama zilifanana. Simlaumu mwalimu mkuu hata kidogo: kumpa mwenzake alama ya chini kulimletea ugomvi ndani ya shule, na kumpa alama ya juu hakukumletea mwenzake chochote, kwa kuwa aliyekuwa bora na aliyekuwa wa kawaida walipanda siku moja kama ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na bajeti viliruhusu. Msimamizi mwenye akili timamu, akiwekwa katika mazingira hayo, atatoa alama ya katikati kwa wote na kuendelea na kazi nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 mfumo ule umepisha PEPMIS, unaoendeshwa kwa kompyuta, ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huzithibitisha. Kompyuta itazuia fomu ya Julai kujazwa Juni, na hilo si dogo. Haitazuia alama zifanane, kwa sababu kilichozifananisha alama hakikuwa karatasi.

Kuna ugumu mwingine wa kimuundo unaomhusu mwalimu hasa. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulikia kupandishwa kwake cheo na nidhamu yake. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye mwajiri wake. TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inasimamia shule na kumpangia kituo. Wizara ya Elimu ina mtaala na sera. Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi ina vibali na mfumo wa mishahara, na Hazina ndiyo yenye fedha. Mwalimu aliyepata barua ya daraja lakini mshahara haujabadilika huanza kwa afisa utumishi wa wilaya, anaambiwa taarifa zimetumwa Dodoma. Dodoma anaambiwa arudi kwa mwajiri wake. Kila ofisi katika safari hiyo huweza kusema ukweli mtupu kwamba imekwisha kutimiza sehemu yake. Siku alizoacha darasa kufuatilia hazihesabiwi popote, ingawa watoto wake walizihesabu.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba yote haya ni kuzunguka, na kwamba mwalimu anataka mshahara mkubwa. Anataka, na ana haki. Mgomo wa walimu wa mwaka 2012, uliosimamishwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ulidai nyongeza ya asilimia 100 pamoja na posho ya kufundishia na ya mazingira magumu, na madai hayo hayakutokana na uchoyo. Kupanda kwa kima cha chini hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, kutoka 370,000, ni jambo kubwa kwa familia za watumishi wa ngazi hiyo. Hata hivyo mshahara hupandishwa mara moja kwa miaka, kwa uamuzi wa watu wachache sana, wakati mambo niliyoyataja hutokea kila wiki na yako mikononi mwa maelfu ya maafisa ambao hawahitaji Bunge kupitisha chochote ili barua itoke kwa wakati. Tena nyongeza ya mshahara isiyofafanuliwa, kama tulivyoona mwaka 2022, inaweza kugharimu mabilioni na kununua kinyongo.

Fomu ya OPRAS, kati ya safu za malengo, shabaha na vigezo, ilikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa. Mahali hapo mwajiri alipaswa kuandika atampa mtumishi nini ili malengo yale yatimizwe: vitabu, vifaa, mafunzo, fedha. Kwa mwalimu ilikuwa miongoni mwa nafasi chache katika nyaraka za utumishi ambamo pande mbili ziliandikiana wajibu. Mwisho wa mwaka malengo yalipewa alama, sifa binafsi zikapewa alama. Safu ya rasilimali haikuwa na alama, na hapakuwa na mtu wa kuulizwa ilipobaki tupu. Waliojenga mfumo mpya wana nafasi ya kuipa safu hiyo alama yake: siku ngapi zilipita kati ya barua ya daraja na mshahara mpya, malimbikizo yana umri gani, vitabu vilivyoahidiwa vilifika mwezi gani, na alama hiyo iandikwe kwa jina la mkurugenzi na afisa utumishi wake, ionekane na mwalimu yule yule ambaye naye anapimwa.